Saa kuukuu ya michezo: ipi ununue Lubumbashi, na ipi uirudishe mezani

Kijana mmoja alinisimamisha nje ya soko la Kenya (komini yetu, si nchi) akapandisha mkono wa shati. "Yaya, angalia hii. Audemars Piguet. Dola hamsini, tutaelewana." Nikaishika. Uzito mzuri, uso wa buluu, juu ya kioo duara lenye pembe nane na skrubu nane. Skrubu ndizo zilizoisemea: mfuo wa moja ulitazama juu, wa pili ulilala, wa tatu ulipinda upande wake.

Kwenye Royal Oak ya kweli, ile saa ya Audemars Piguet wa Uswisi aliyoiga huyo, jambo hilo haliwezekani. Vichwa vyake vina pande sita na vimekaa ndani ya matundu ya pande sita, kwa hiyo havizunguki hata kidogo. Hukazwa kwa nyuma. Mifuo yote nane hufuata mzunguko wa duara kama watu waliopanga foleni. Ukiona hata mmoja umekwenda kombo, rudisha saa kwa adabu. Hiyo ndiyo ya mwisho kabisa katika orodha yangu, hata kwa dola kumi.

Lakini tuseme kwa nini inaigwa hivyo. Mbunifu wa saa Gérald Genta aliichora, ikatoka mwaka 1972, upana milimita 39. Wakati ule saa ya tajiri ilikuwa ya dhahabu, nyembamba, na mkanda wa ngozi. Yeye akaleta chuma cha pua, skrubu zikiwa nje bila aibu, wazo alilolitoa kwenye kofia ya mpiga mbizi, na mkanda wa chuma unaoota kutoka kwenye mwili wa saa kana kwamba ni kipande kimoja. Mwaka 1976 Patek Philippe, kampuni nyingine ya Uswisi, wakatoa Nautilus, nayo ni mchoro wa Genta, safari hii wazo likitoka kwenye dirisha la meli. Uzuri wa saa hizi uko kwenye kingo: bapa lililosuguliwa kwa mistari myembamba linakutana na ukingo unaong'aa, na mpaka kati yao ni mkali kama kona ya karatasi mpya.

Na hapo ndipo pa kuangalia unaponunua saa yoyote kuukuu, hata ya bei ndogo. Mashine hutengenezeka. Kona zikishasuguliwa na fundi mwenye bidii kupita kiasi, saa inabaki laini kama sabuni iliyotumiwa wiki mbili, na hakuna wa kuzirudisha. Mimi nachagua yenye mikwaruzo kuliko iliyong'arishwa.

Namba moja kwangu ni Seiko 5 yenye mashine 7009. Ukoo wa Seiko 5 ulianza 1963 na ahadi tano: inajivuta yenyewe kwa mwendo wa mkono, siku na tarehe zinakaa dirisha moja, inastahimili maji, kifungo cha pembeni kimejificha kwenye saa nne, mwili na mkanda ni imara. Usihangaike kuitia ufunguo. Ya mashine hii haina njia hiyo. Itikise polepole mara kadhaa, mshale wa sekunde uanze kutembea bila kusitasita. Kisha igeuze. Katika namba ya nyuma, tarakimu ya kwanza ni mwaka na alama inayofuata ni mwezi: 1 mpaka 9, halafu O, N na D. Yangu inaanza na 5D, yaani Desemba 1985; muongo unaujua kwa aina ya mashine. Nililipa dola 35. Jihadhari na zile zenye uso wa rangi ya chungwa inayopiga kelele na maandishi yaliyovimba: nyuso hizo zimechorwa upya, nyingi huko India.

Ya pili ni Omega Seamaster ya miaka ya 1960, kama una pesa na subira. Usinunue kabla fundi hajafungua kifuniko cha nyuma mbele ya macho yako. Mashine za Omega za wakati ule, kama ile 565, zina rangi ya shaba nyekundu, na sisi watu wa Katanga hatuhitaji kufundishwa rangi hiyo. Ukikuta chuma cheupe ndani, ulizia vizuri. Kama kioo cha plastiki ni cha asili, katikati yake kuna alama ndogo sana ya Omega. Inamulikwa kwa lenzi ya fundi. Naiweka ya pili kwa sababu mbili tu: vipuri ni ghali, na vumbi letu la kiangazi halina huruma kwa mpira wa kuzuia maji uliozeeka.

Anayetaka lile umbo la mkanda uliounganika bila hofu ya kuibiwa mkononi, atafute Tissot PRX. Ilitoka 1978, ya betri. Herufi X ni kumi ya Kirumi, kwa ajili ya shinikizo la angahewa kumi, yaani mita 100 za maji. Walipoirudisha 2021 iliuzwa karibu dola 400. Mpya si kuukuu, najua, lakini kingo zake ni kali.

Yoyote utakayochagua, kabla ya kutoa franga, ishike mwili kwa ubavu, mkanda ukinyooka hewani sambamba na ardhi. Mkanda ambao bado ni mzima hushuka kidogo tu. Ukining'inia kama mnyororo wa baiskeli, pini zimelika, na kwa saa ya aina hii mkanda ni nusu ya saa. Mwambie muuzaji apunguze nusu.