rasdaemon: kama seva yako ina ECC (memori inayojisahihisha makosa), iweke leo leo

Programu hii ya kufuatilia hitilafu za memori naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoinyima nitaieleza.

Kerneli ya Linux ikiona hitilafu ya memori inatoa taarifa, ila zamani nilikuwa naziacha zizame kwenye logi katikati ya maelfu ya mistari mingine, sasa nani atazisoma zote? rasdaemon inazidaka, na ukiiwasha na --record inazihifadhi kwenye databesi ya SQLite, halafu unapiga tu ras-mc-ctl --summary unaona kila kitu.

Kwangu ilikuwa hivi: seva moja inafanya kazi vizuri kabisa, hakuna aliyelalamika, siku hiyo napiga komandi nakuta hitilafu 212 zilizosahihishwa na zote zinatoka kwenye kijiti kimoja cha memori (RAM). Nilishtuka kwa kweli. ECC ya kawaida ikikuta biti moja imegeuka inairekebisha kimyakimya, zikigeuka mbili kwa pamoja inaishia kuziona tu, na hapo kerneli inaweza kuiua programu yako kwa SIGBUS (ishara ya hitilafu ya memori) katikati ya kazi. Kwa hiyo zile 212 nilizichukulia kama onyo, tukatafuta muda wa usiku tukabadilisha kijiti.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba ikijengwa na kipengele cha kutenga kurasa (vipande vidogo vya memori), inahesabu hitilafu za kila ukurasa wa memori, na ukurasa ukifikisha 50 ndani ya saa 24 (ndivyo inavyokuja, unaweza kubadilisha) inaiambia kerneli iutoe kazini. Data inahamishiwa ukurasa mwingine, programu inaendelea kama hakuna kilichotokea, na ule mbovu hapewi mtu tena. Angalia HardwareCorrupted kwenye /proc/meminfo, utakuta imepanda kwa kB 4. Nilivyoiona mara ya kwanza nilifurahi sana.

Sasa nyota iliyobaki. Bila majina ya vijiti inakuonyesha namba za kidhibiti cha memori na chaneli basi, na namba hizo si lazima zifanane na maandishi ya kwenye bodi. Usiku ule tulichomoa kijiti kisicho na tatizo, tukawasha, hitilafu zikaendelea kuingia, ikabidi tuzime seva mara ya pili. Majina unayaandika mwenyewe kwenye faili ndani ya /etc/ras/dimm_labels.d kisha unapiga ras-mc-ctl --register-labels, na mimi siku hizi kwenye seva mpya nafanya hivyo kabla sijaweka kitu kingine chochote.