Dawa ya kuzibua bomba la bafu: nilikuja kuipa sifuri

Nianze na ile simu, maana ndiyo iliyonipandisha presha kuliko maji yenyewe. Nimesimama mlangoni pa bafu, maji ya kijivu yenye mapovu yametuama ndani kama dimbwi la mvua, chupa tupu ya dawa iko mkononi. Nimepiga namba iliyoandikwa nyuma ya chupa. Nimemweleza kijana aliyepokea kila kitu: nusu chupa niliimimina usiku, nusu nyingine asubuhi, maji hayajashuka hata ukucha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Samahani mama, nywele zenyewe ni za aina gani?"

Za aina gani! Na nyuma yake nikasikia mtu anacheka.

Nilikata. Sikumwambia neno, nilikata tu, halafu nikabaki nikiiangalia simu kama yeye ndiye aliyekuwemo ndani yake. Mimi nimeumwa kichwa kwa harufu ya dawa usiku kucha, yeye ananiuliza habari za nywele zangu.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Tatizo halikuja siku moja. Kwanza maji yakawa yanachelewa kuondoka, ukitoka kuoga unayaacha yakizungukazunguka pale kwenye tundu kana kwamba yanafikiria. Mume wangu akasema yatashuka. Baada ya muda, ukawa unaoga maji yamekufika kwenye vifundo vya miguu, na ile kero ya kuoga kisha kukanyaga uchafu wako mwenyewe. Mume wangu akasema yatashuka.

Nikafanya lile jambo ambalo kila mtu hushauriwa: soda ya kuokea, juu yake siki. Jamani, inachemka vizuri! Inaita, inatoa povu, unajiona fundi. Bahati mbaya povu lile ni hewa tu ya kaboni dioksidi. Soda na siki zinauana zenyewe kwa zenyewe, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi. Nywele zilizofungana kwa utando wa sabuni hazishtuki. Nikataka kumwaga maji yanayochemka, hapo mume wangu kwa mara ya kwanza akasema jambo la maana: mabomba yetu ni ya plastiki, PVC, na plastiki hiyo huanza kulegea kwenye nyuzijoto 80 hivi, wakati maji yanachemka kwa 100. Nikatumia ya moto wa kuvumilika. Hakuna kitu.

Ndipo nikanunua chupa. Mbele imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inayeyusha nywele, mafuta na sabuni. Ni ile dawa ya soda kali (kostiki, si ile ya kuokea), ambayo kweli kabisa hugeuza mafuta kuwa sabuni na kuvunjavunja protini ya nywele. Hata tundu lenyewe nililisikia likipata joto nilipomimina. Sikudanganywa kuhusu kemia. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, maji yashuke, na hayakushuka. Ningeandika maoni haya jioni ile, mngesoma matusi matupu.

Asubuhi iliyofuata nikatafuta kile kijiti chembamba cha plastiki chenye meno pembeni, kirefu kama mkono. Hakina maelezo mengi: unakiingiza, unakizungusha, unakivuta. Hapa lakini nilifanya ujinga, na nausema ili asiurudie mwenzangu. Chini ya tundu kuna ile kona ya bomba ambayo hubaki na maji muda wote ili harufu ya maji machafu isipande. (Kuna fundi saa wa Scotland, Alexander Cumming, aliyepewa hataza ya choo chenye kona ya namna hiyo mwaka 1775. Aliwaza harufu, hakuwaza yatakayonipata mimi.) Kona hiyo ilikuwa imejaa dawa yangu. Nikavuta kijiti kwa nguvu, tone likanirukia kwenye kifundo cha mkono, juu ya glavu. Linateleza kama sabuni kwanza, kisha linaanza kuuma. Nilikimbilia bomba la jikoni nikakaa na mkono chini ya maji hadi vidole vikafa ganzi. Kama lingenirukia jichoni, leo nisingekuwa naandika. Na onyo la kuvaa miwani lipo kwenye chupa, nililiona baadaye, herufi zake za kutafuta kwa tochi. Yale ya kuyeyusha nywele unayasoma ukiwa upande wa pili wa barabara.

Basi. Nikavaa miwani, nikavuta tena polepole. Kikatoka kitu. Sitaki kuwaharibia chakula, ila kilikuwa na urefu wa panya pamoja na mkia wake, na kilinuka mayai yaliyooza. Maji yakashuka palepale, kwa sauti ile ya koo linalomeza. Nilipiga kelele ya furaha, mume wangu akaja mbio akidhani nimeteleza.

Nikakisuuza kile kitu kwa ndoo nzima ya maji, kwa hasira tu, nikitaka ushahidi wa kumwonyesha yule kijana. Kadiri utando ulivyotoka ndivyo nilivyoanza kunyamaza. Nyuzi zilikuwa ndefu, nyeusi, zinang'aa, zimenyooka, hazijaliwa hata kidogo. Nyingine zilikuwa bado zimesukwa. Rasta! Nywele za plastiki! Wifi yangu alikaa kwetu wiki kadhaa, akafumua kichwa kizima humo bafuni, akaosha, akaondoka zake anapendeza. Nywele zetu halisi, zile ambazo dawa ilikuwa na uwezo nazo, sikuziona hata unywele mmoja. Zilikuwa zimeshayeyuka.

Kwa hiyo yule kijana aliniuliza swali sahihi. Swali moja tu la maana katika sakata lote hili, na mimi nikamkatia simu.

Sasa hukumu niitoe vipi? Dawa ilifanya kazi yake, nakubali, tena niombe radhi kwa niliyoyasema nikiwa peke yangu bafuni. Nyota nne. Hapana, ngoja. Kama wanajua kwamba rasta haziyeyuki, na ni wazi wanajua maana kijana aliuliza bila hata kufikiri, kwa nini hawaandiki? "Huyeyusha nywele." Nyumba ngapi nywele zinazoanguka bafuni ni za kichwani tu? Sentensi moja kwenye chupa ingeniokolea usiku mzima na ngozi ya mkono wangu. Na aliyekuwa anacheka, alikuwa anacheka nini? Nyota mbili. Kijiti nakipa tano, ingawa meno yake matatu yalikatikia humo ndani na sijui yako wapi.

Nimeweka chujio juu ya tundu, la bati, zito. Jana wifi amepiga simu, anakuja tena mwisho wa mwezi. Ameniuliza kama lile chanuo langu kubwa bado ninalo.