Mashine ya presha ya nyumbani: kabla hujalipa, pima mkono wako

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani Ujiji. Mimba yangu ya kwanza iliishia kwenye kifafa cha mimba, wiki ya 31, na mtoto hakupona. Ndiyo maana safari hii, pamoja na aspirini ndogo niliyoandikiwa tangu wiki ya 13, nilikwenda duka la dawa pale Mwanga nikatoa shilingi 85,000 nikanunua mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga mkono wa juu.

Siku tatu za mwanzo ilinipa 142 kwa 91, 144 kwa 92. Sikulala. Nikapanda bajaji hadi kliniki, nesi akanipima kwa ya kwao: 131 kwa 84. Akaukunjua mkanda wangu, akanionyesha maandishi madogo pembeni: sm 22–32. Nikatoa futi kamba kwenye pochi, nikazungusha katikati ya bega na kiwiko. Sm 37! Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na dukani hakuna aliyeniuliza. Mkanda mpana, wa 22–42, niliuagizia Dar kwa 25,000. Ulipofika nikaupeleka kwa nesi yuleyule, tukalinganisha, tofauti ikawa 3 tu. Fanyeni hivyo dada zangu, kwa sababu mashine nyingine husoma chini kwa mama mwenye presha ya mimba, na hilo ni baya zaidi.

Betri nne zilinikalia miezi miwili. Kioo hakina taa, umeme ukikatika unatafuta tochi. Maelezo ni ya Kiingereza na Kichina.

Wiki ya 34, asubuhi: 149 kwa 97. Nikatulia robo saa, 150 kwa 96. Kichwa hakiumi, miguu haijavimba. Hospitali wakachovya karatasi kwenye mkojo, ule unjano ukageuka kijani: protini, alama mbili. Daktari akanichorea. Mishipa inayolisha kondo la nyuma isipopanuka vizuri tangu mwanzo, kondo hupungukiwa damu, nalo humwaga kwa mama protini iitwayo sFlt-1. Hiyo huzikamata PlGF na VEGF, protini zinazotunza mishipa ya damu. Zikipungua, mishipa hubana, presha hupanda, figo huvujisha. Na vurugu hiyo huanza wiki kadhaa kabla presha haijapanda.

Hilo mashine haiwezi kuliona. Kwa hiyo ukinunua, usiache kliniki wala kipimo cha mkojo, hata namba zikiwa nzuri mwezi mzima.

Walinilaza, wakanipa methyldopa, dawa ya kushusha presha, wakanianzishia uchungu wiki ya 37. Binti, kilo 2.6, akalia papo hapo. Niliomba kuliona kondo. Kwenye beseni lilikuwa na mabaka meupe, magumu kama ngozi ya kisigino, mahali ambapo damu haikufika.

Siku ya nne baada ya kujifungua, nikiwa nimesharudi nyumbani, mashine ikasoma 155 kwa 99, nikarudi hospitali nikaongezewa dawa. Bila hiyo mashine nisingejua, nilidhani yameisha. Nikaendelea kupima asubuhi na jioni hadi wiki sita.

Sasa anaitumia wifi yangu, ana mimba ya wiki 22. Mkono wake nimeupima mwenyewe, sm 27, nikamrudishia ule mkanda wa kwanza.