Vidonge vya vitamini na madini kwa ADHD (tatizo la umakini na kutotulia) na wasiwasi: kipi ununue, kipi ukiache rafuni

Kabla ya kununua chochote, pima damu. Virutubisho humsaidia aliyepungukiwa. Mwenye akiba ya kutosha mara nyingi hapati umakini wala utulivu kwa kuongezewa. Omba vipimo vitatu: wingi wa damu, feritini (yaani akiba ya chuma mwilini) na vitamini D. Feritini ipimwe mtu akiwa mzima, kwa sababu homa na maambukizi huipandisha na kuficha upungufu.

Pia usimwachishe mtoto dawa aliyoandikiwa ili ujaribu vitamini. Kwa ADHD, hakuna kirutubisho kinachofikia nguvu ya methilifenideti, dawa ya hospitali ya ADHD.

Nafasi ya kwanza tunaipa chuma, kwa sharti moja: feritini iwe chini. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2008, watoto 23 wenye ADHD na feritini chini ya nanogramu 30 kwa mililita waligawanywa: baadhi walipewa feri salfeti miligramu 80 kwa siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya wiki 12, dalili za waliopewa chuma zilikuwa zimepungua kwenye kipimo kimoja. Fomu za wazazi na walimu hazikuonyesha tofauti ya uhakika. Kwa mtu mzima, upungufu wa chuma huleta moyo kwenda mbio na uchovu, hali ambazo wengi huzidhania kuwa wasiwasi mtupu.

Angalia nyuma ya kopo, usiishie mbele. Kidonge cha feri salfeti kavu cha miligramu 200 kina chuma chenyewe kama miligramu 65 tu, na hiyo ndiyo namba ya kumtajia daktari. Kimezwe tumbo likiwa tupu, pamoja na kitu chenye vitamini C. Chai, kahawa na maziwa visubiri saa mbili, la sivyo sehemu kubwa ya chuma itatoka na choo. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Tumbo likisumbua, kumeza siku moja na kuruka moja hakukupunji sana: kila dozi huamsha homoni inayobana ufyonzaji kwa takriban siku nzima. Kopo lifungiwe mbali na watoto. Vidonge vichache vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Ya pili ni omega-3, ingawa si vitamini wala madini. Uchambuzi wa mwaka 2011 ulijumlisha majaribio 10 ya watoto karibu 700 na kuona nafuu ndogo kwenye ADHD, kubwa kidogo pale EPA, aina mojawapo ya omega-3, ilipokuwa nyingi. Mapitio ya baadaye yamepoza matumaini hayo, kwa hiyo nunua ukitarajia kidogo. Kosa linalorudiwa hapa ni la hesabu. Kopo limeandikwa “mafuta ya samaki miligramu 1000”, ukiligeuza unakuta EPA 180 na DHA (aina nyingine ya omega-3) 120. Anayetaka EPA miligramu 500 anahitaji vidonge vitatu kwa siku, na kopo alilodhani la miezi mitatu linakwisha kwa mmoja. Kata kidonge kimoja unuse: harufu kali ya mafuta yaliyochacha inatosha kukufanya ulirudishe.

Magnesiamu inafuata, hasa kwa wasiwasi. Ushahidi wake ni mwepesi, lakini kwa mwenye figo nzima hatari ni ndogo. Chagua ya aina ya sitreti au glisineti. Oksidi ndiyo hujaa madukani kwa kuwa ni rahisi kutengeneza. Mwili huifyonza kidogo, inayobaki huvuta maji tumboni na mtu anaharisha. Kiwango cha juu cha nyongeza kwa mtu mzima kinachotumika Marekani ni miligramu 350 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari.

Vidonge vya mchanganyiko vya dozi kubwa tunaviweka nafasi ya nne. Matokeo ya jaribio la mwaka 2022 kwa watoto 135 wenye ADHD wa Marekani na Kanada yalikuwa ya kugawanyika: madaktari waliona nafuu kwa asilimia 54 ya waliopewa vidonge hivyo dhidi ya 18 ya waliopewa visivyo na dawa, lakini alama za wazazi hazikutofautiana. Dozi zilikuwa vidonge vingi kila siku. Cha mchanganyiko cha kawaida, kimoja kwa siku, hakibebi kiasi hicho.

Zinki na vitamini D zinunuliwe tu upungufu ukithibitika. Zinki ikizidi miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu hupunguza shaba mwilini. Vitamini B6 nayo inahitaji jicho kali, kwa sababu imejificha ndani ya vidonge vya “mishipa”, vya “nguvu” na vya mchanganyiko kwa pamoja. Jumlisha makopo yote uliyonayo. Dozi kubwa ya muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na dalili ya kwanza ni ganzi au kuchomachoma vidoleni.

Ukishachagua, anza na kimoja. Ukianza vitatu kwa pamoja, hutajua kipi kimesaidia wala kipi kimeleta kichefuchefu. Andika alama 0 hadi 10 kila Jumapili: umakini, usingizi, wasiwasi. Kwa mtoto, mwombe mwalimu naye aandike za kwake bila kumwambia mtoto ameanza nini. Wiki 12 zikipita alama zikiwa palepale, acha. Kwa chuma, rudia kupima feritini baada ya miezi mitatu kabla ya kufungua kopo jingine.