Sanduku la Majaribio ya Sayansi kutoka Kariakoo: Vifaa Vinafaa, Kijitabu Kifichwe

Shule zilipofungwa mwezi Juni nilinunua sanduku la majaribio ya sayansi kwa shilingi 85,000 katika duka moja la vifaa vya shule Kariakoo. Juu ya kasha palichorwa mtoto aliyevaa koti jeupe, ameshika chupa inayofuka moshi wa zambarau. Ndani hamna kitu kinachofuka moshi wa rangi yoyote, na ninalitaja hilo mapema kwa kuwa ndilo lililoulizwa kwanza na binti yangu wa darasa la sita na mpwa wangu wa kidato cha kwanza, aliyekuja kumalizia likizo kwetu Tabata. Tumelitumia kwa wiki nne, mara nyingi jioni, na yafuatayo ndiyo tuliyoyaona.

Vifaa vyenyewe ni lenzi ya mkono, kipimajoto, sumaku mbili, bika mbili za plastiki, neli sita za majaribio, kibunda cha karatasi za litmasi, ambazo hubadilika rangi kuonyesha kama kitu ni asidi au besi, waya, balbu tatu ndogo na kishikio cha betri, uzi pamoja na vipande vya chuma vyenye ndoano kwa ajili ya pendulamu, yaani kizito kinachobembea mwishoni mwa uzi, na kijitabu chenye majaribio 30. Lenzi ni ya kioo halisi, nayo inaonyesha vinyweleo kwenye mguu wa sisimizi bila kumchosha mtazamaji. Waya ni mfupi mno. Neli moja tuliikuta imepasuka. Sumaku hazina la kusemwa.

Kijitabu kimeandikwa kwa Kiingereza pekee, na hapo pana tatizo la wazi kwa mtoto anayesoma Sayansi na Teknolojia kwa Kiswahili shuleni. Nilikuwa tayari kutafsiri, na kwa jioni mbili nilifanya hivyo, mpaka nilipogundua kwamba lugha ilikuwa kasoro ndogo. Kila jaribio linamalizika kwa aya inayomweleza mtoto atakachokiona, na aya hiyo ipo kwenye ukurasa uleule wa maelekezo, kwa hiyo mtoto huisoma kabla hajagusa chochote. Binti yangu alipoweka sumaku karibu na misumari hakuwa akichunguza; alikuwa akisubiri jambo ambalo ameshaambiwa, na lilipotokea alifunga daftari. Siku ya tatu nilikichukua kijitabu nikakiweka juu ya kabati. Badala yake tulichora safu katika daftari la kawaida: swali, dhanio, tulichokifanya, tulichokipima, tunachoweza kukisema. Dhanio, yaani jibu la kukisia ambalo bado halijapimwa, lilikuwa sharti liandikwe kwa wino kabla ya jaribio, ili mtu asije akalibadilisha kimyakimya baada ya kuona matokeo. Sharti hilo halikupendwa, hasa na mpwa wangu.

Sehemu ya pendulamu ndiyo iliyorudisha fedha yangu. Swali lilikuwa kama kipande kizito hubembea haraka kuliko chepesi, na wote wawili waliandika kwamba ndiyo. Walipopima bembea moja kwa saa ya simu, kila mmoja alipata jibu lake, na ubishi ukawa mkubwa kuliko jaribio. Baada ya kubishana waligundua wenyewe kwamba kidole kinachobonyeza simu huchelewa au huwahi kidogo, na kwamba ukihesabu bembea kumi kisha ukagawa kwa kumi, kosa hilo la kidole nalo hugawanyika. Uzi ulipokuwa wa sentimita 25, bembea kumi zilichukua takriban sekunde 10, kwa kipande chepesi na kwa kizito vilevile. Dhanio lilianguka. Ndipo binti yangu akataka tubadilishe urefu wa uzi, na nikamzuia asibadilishe na kipande kwa wakati mmoja, kwa sababu ukibadilisha mambo mawili hutajua ni lipi limeleta tofauti. Uzi wa mita moja, ambao ni mara nne ya ule wa kwanza, ulitoa takriban sekunde 20 badala ya 40 walizotarajia. Mpwa wangu alirudia kipimo hicho mara sita. Kwamba muda hufuata kipeuo cha pili cha urefu, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa urefu huo, atafundishwa baadaye, lakini atakapofundishwa atakuwa na namba zake mwenyewe za kulinganisha.

Katika mbegu kijitabu kilikosea, na kosa hilo lilitufaa kuliko kurasa zake zote zilizo sahihi. Tulipanda kunde kumi kwenye vikombe vilivyowekwa dirishani na nyingine kumi kwenye vikombe vilivyofunikwa kwa kasha la viatu, udongo ukiwa uleule na maji kipimo kilekile. Siku ya kumi nilikishusha kijitabu kutoka kabatini, nacho kikasema kwamba mimea ya gizani haitakua. Mimea yetu ya gizani ilikuwa na wastani wa sentimita 23, ya dirishani 14. Watoto walidhani wamekosea wao, maana maandishi yaliyopigwa chapa yana heshima yake, na binti yangu alikuwa ameshaanza kufuta. Nilimwomba aache kufuta na aieleze mimea kama ilivyo: mirefu, myembamba kama nyuzi, ya njano, yenye majani madogo. Mmea uliokosa mwanga hutumia akiba iliyomo ndani ya mbegu kurefusha shina ili uufikie mwanga, wala haujishughulishi kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga. Tulitoa vikombe vitano nje, na baada ya siku mbili majani yakaanza kuwa ya kijani. Vitano vilivyobaki gizani vililala chini katika wiki ya tatu. Kwa hiyo kijitabu hakikudanganya moja kwa moja, ila kilisema habari ya mwisho wa safari kana kwamba ni ya njiani. Tofauti hiyo mpwa wangu aliieleza vizuri zaidi kuliko nilivyoieleza hapa.

Kipimajoto ni kibovu, ingawa nisingependa kibadilishwe. Ndani ya maji yanayochemka kilisoma nyuzi 97 za Selsiasi, hali tupo karibu na usawa wa bahari ambako maji huchemkia karibu na 100. Je, maji ndiyo tofauti au kifaa? Tulikitia kwenye barafu inayoyeyuka, ambako kingepaswa kusoma sifuri, nacho kikasoma tatu chini ya sifuri. Kwa kuwa upungufu ulikuwa sawa pande zote mbili, watoto waliamua kuongeza tatu kwenye kila kipimo, wakabandika karatasi yenye maneno hayo kwenye kasha lake.

Karatasi za litmasi, kwa upande mwingine, hazina utetezi. Kibunda hakikufungwa vizuri, unyevu wa hewa yetu ukaingia, na nyingi zilikuwa zimebadilika rangi kabla hatujazitumia. Tulichemsha rozela kavu ya sokoni tukatumia maji yake mekundu: katika ndimu yalizidi kuwa mekundu, katika maji ya magadi yaligeuka kijani kilichofifia. Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya litmasi, na kinachobaki kinanyweka, mradi kisiwe kile kilichokwisha kutiwa magadi.

Jaribio la mwisho halimo ndani ya sanduku, na ninashangaa watengenezaji wanaouza bidhaa hii Tanzania hawakulifikiria. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado moto, nao ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu alichekwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam, ambaye hakumcheka bali alirudi akaagiza jambo hilo lipimwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu sababu yake, na wengine kuhusu kama linatokea kwa uhakika. Friji yetu ilitoa jibu la moto mara moja na la baridi mara mbili, na katika jaribio la nne umeme ulikatika. Daftari linasema hivyo hivyo, bila kuegemea upande wa Mpemba kwa kuwa ni wa kwetu, jambo ambalo nakiri mimi nilishawishika kulifanya.

Kwa bei hiyo ningelinunua tena, lakini kwa ajili ya lenzi, pendulamu, bika na vifaa vya umeme, nikijua kwamba mzazi au mwalimu atalazimika kukaa na watoto na kukizuia kijitabu hadi jaribio liishe. Mtoto aliyeachiwa sanduku peke yake atafuata maelekezo, ataona alichoambiwa na atachoka ndani ya wiki moja. Anayekwenda kununua alifungue kasha dukani, ahesabu neli, na atazame kama mfuko wa litmasi umefungwa. Muuzaji aliahidi kunibadilishia neli iliyopasuka na litmasi ndani ya siku saba. Hii ni wiki ya tano, na nimeshafika kwake mara mbili.