Swali langu moja kuhusu vidonge vya magoti

Goti langu la kulia likishuka ngazi linasaga kama lina mchanga ndani, na asubuhi silikunjui mpaka nikae kitandani kwanza. Daktari alisema gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika. Basi nikaenda kununua glukosamini iliyochanganywa na kondroitini, maana kila mgonjwa wa magoti ninayemjua alikuwa akivitaja.

Kabla ya kulipa nikamuuliza muuzaji: natumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, je, hivi haviwezi kunidhuru? Hakuniangalia hata usoni. "Mama, hii siyo dawa, ni virutubisho tu. Kama huchukui, wapishe wenzako." Foleni nzima ilisikia. Nikaona aibu, nikalipa.

Haki isemwe: baada ya mwezi na nusu hivi maumivu yalipungua, tena sana. Siku zile ungeniuliza ningekwambia kanunue.

Halafu nikaenda kupima damu kama kawaida. Kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda kilikuwa kimepanda, na mikononi nilikuwa na madoa ya damu kuvilia ambayo sikujua yametoka wapi. Nesi hakuzunguka, aliuliza nimeanza kutumia nini kipya. Nikamtajia. Akasema glukosamini inaweza kuizidishia warfarini nguvu mpaka mtu akavuja damu. Jambo lile lile nililouliza! Na muuzaji alikuwa na kopo mkononi, angegeuza tu lebo akasoma.

Hata ile nafuu sasa siiamini vizuri. Wiki zile zile nilikuwa nimeanza mazoezi ya misuli ya mapaja niliyopewa hospitali. Na utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2006, uliohusisha watu 1,583 wenye magoti kama yangu, ulionyesha kuwa hata waliopewa vidonge vitupu visivyo na kitu, kama 60 katika kila 100 walipata nafuu. Kwa ujumla vidonge hivi havikuvishinda vile vitupu. Wenye maumivu ya wastani hadi makali ndio walionekana kusaidika na mchanganyiko huu, na huenda mimi ni mmoja wao. Sijui nivilaumu au nivishukuru.

Muuzaji yule simsamehi. Glukosamini nyingi hutokana na magamba ya kamba na kaa. Angekuja mwenye mzio navyo angejibiwa vivyo hivyo. Na mzee aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, aliyesikia kila kitu, alikuwa ameshika kopo kama langu.