Viti vya daraja la kawaida kwenye ndege ya pangaboi, Kigoma hadi Dar es Salaam

Wengi wetu tunaopanda ndege Kigoma kwenda Dar es Salaam hukimbilia viti vya mbele, kwa hesabu kwamba aliye mbele hushuka mapema. Kwenye Dash 8-400, ndege ya pangaboi inayotumika katika safari hii, hesabu hiyo ina gharama yake, nami nimeilipa mara mbili.

Pangaboi la kila injini lina mapanga sita, nayo huzunguka karibu sana na ubavu wa ndege, mbele kidogo ya bawa. Abiria aliyeketi sambamba nayo hupokea mngurumo pamoja na mtetemo unaofika hadi kwenye meza ya kulia, na kuzungumza na jirani hulazimu kupaza sauti. Dirisha nalo halimfidii, kwa sababu injini huziba sehemu kubwa ya mandhari. Watoto tu ndio hufurahi hapo, kwani magurudumu hufichwa ndani ya ganda la injini, na ndege inapokaribia kutua huonekana waziwazi yakishuka.

Kiti ninachokipendekeza ni cha dirishani, safu mbili au tatu nyuma ya bawa. Kelele hupungua, na kwa kuwa mabawa ya ndege hii yamefungwa juu ya usawa wa madirisha, hakuna kinachokuzuia kutazama chini. Isitoshe, huruka chini kuliko ndege za jeti. Siku isiyo na mawingu mengi niliufuata kwa macho mto Malagarasi na mabwawa yake mpaka shingo ikaniuma. Anayeondoka Kigoma asubuhi akumbuke kwamba jua la Juni humpiga aliye kushoto, na la Desemba aliye kulia.

Usirudi nyuma kupita kiasi, kwa maana mkiani ndege huyumba zaidi hewa inapochafuka, na migongo ya viti vya safu ya mwisho mara nyingi hailali. Viti vimepangwa viwili viwili, hivyo hakuna wa kubanwa katikati. Mwenye miguu mirefu atafaa kando ya njia, kwani upande wa dirisha ukuta umepinda na kula nafasi ya miguu, ingawa atalazimika kukwepa kigari cha vinywaji. Makabati ya juu ni madogo.

Kuhusu kushuka mapema, sijaona faida yake kwa msafiri wa Kigoma, ambaye kwa kawaida ana boksi la migebuka au dagaa kwenye mizigo: atashuka wa kwanza, kisha atasimama pale pale pamoja na sisi wa nyuma akisubiri boksi lake. Viti vya mbele ningemwachia mwenye ndege nyingine ya kuunganisha, tena aliyebeba begi la mkononi tu.